Fedha na Sheria: Wenye pasi ya Uingereza wanaoishi nje wanadaiwa kodi wapi?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa wasomaji wenye uraia wa Uingereza, au kwa wenzi wao, wanaoishi au wanaojiandaa kuishi Tanzania, Kenya na Omani. Kabla ya kuzijibu mojamoja, jambo moja lieleweke kwa wote. Uingereza haimtozi mtu kodi ya mapato kwa sababu ya pasi yake, kama Marekani inavyowatoza raia wake popote walipo. Huangalia mambo mawili: mtu ni mkaazi wa wapi katika mwaka husika wa kodi, na pato lenyewe limechumwa wapi. Mtu anaweza kuacha kuwa mkaazi wa Uingereza, lakini nyumba aliyoiacha katika mji wa Reading inabaki Reading, na pango lake ni pato la Uingereza hadi siku itakapouzwa. Makosa mengi niliyoyaona katika barua hizi yanatokana na kuyachanganya mambo hayo mawili.

Barua ndefu tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaondoa.

"Mimi ni muuguzi mwenye umri wa miaka 61, mzaliwa wa Tanga, na nimekuwa raia wa Uingereza tangu 2004. Mwezi Septemba nitarudi nyumbani moja kwa moja. Nyumba yangu ya Reading, niliyoinunua 2009, nitaipangisha kupitia wakala. Watoto wangu ni watu wazima na wanaishi huko. Nakusudia kuwatembelea Krismasi hii kwa wiki tatu, kisha miezi miwili kila mwaka, na pengine kufanya zamu chache hospitalini ili nilipie nauli. Nimeambiwa kwamba alimradi sifikishi siku 183, Uingereza haina haki ya kunitoza. Je, ni kweli?"
*Muuguzi, Reading*

Mama, hilo la siku 183 limezagaa mabarazani na katika vikundi vya WhatsApp, na ubaya wake ni kwamba nusu yake ni kweli. Anayefikisha siku 183 nchini Uingereza katika mwaka mmoja wa kodi, yaani kati ya tarehe 6 Aprili na tarehe 5 Aprili inayofuata, ni mkaazi bila mjadala. Lakini kutofikisha siku hizo hakumfanyi mtu kuwa si mkaazi. Tangu tarehe 6 Aprili 2013 ipo kanuni ya kisheria ya kupima ukaazi, na kwa mtu aliyekuwa mkaazi katika mwaka wowote kati ya mitatu iliyotangulia, kanuni hiyo humtoa moja kwa moja pale tu anapokaa pungufu ya siku 16 (ukiacha anayefanya kazi ya muda wote ng'ambo, tutakayemfikia hapa chini). Hapo katikati, kuanzia siku 16 hadi 182, kinachoamua ni hesabu ya siku pamoja na mafungamano aliyobaki nayo: mwenzi au watoto wadogo walio wakaazi huko, mahali pa kulala panapopatikana kwa siku 91 mfululizo au zaidi, kazi inayofanyika huko kwa siku 40 au zaidi, kukaa huko zaidi ya siku 90 katika mmojawapo wa miaka miwili iliyopita, na kuwa Uingereza ndiyo nchi uliyolala siku nyingi kuliko nyingine yoyote. Siku zenyewe huhesabiwa kwa kuangalia ulikuwa wapi saa sita ya usiku.

Tuipime hali yako. Miezi miwili ni siku kama 60, na kwa anayeondoka akiwa mkaazi, kati ya siku 46 na 90 huhitajika mafungamano matatu ili aendelee kuhesabiwa mkaazi. Watoto wako ni watu wazima, kwa hiyo hawaingii katika fungamano la familia. Nyumba yako, ikiwa na mpangaji ndani na wewe huna haki ya kuingia na kulala, si mahali pako pa kufikia. Hata hivyo, nyumba ya mwanao inaweza kuhesabiwa: ndugu wa karibu akikuwekea nafasi kwa muda huo, nawe ukalala kwake usiku 16 au zaidi katika mwaka, hilo ni fungamano. La pili ni zile siku 90, ambazo bila shaka unazo kwa miaka miwili ya mwanzo baada ya kuondoka. Mafungamano mawili, basi, na bado uko salama. Sasa ziongeze zile zamu. Siku unayofanya kazi zaidi ya saa 3 ni siku ya kazi, na zikifika 40 unapata fungamano la tatu na kurudi kuwa mkaazi wa Uingereza kwa mwaka mzima, ukitakiwa kueleza mapato yako ya dunia nzima, ya Tanga yakiwemo. Kwa maoni yangu zamu 10 au 15 hazina tatizo, mradi uziandike tarehe zake. Ukizifikisha 40 ili kulipia nauli, utakuwa umeinunua nauli kwa bei mbaya.

Kuhusu mwaka wa kuondoka, sheria inaruhusu kuugawa mara mbili, sehemu ya ukaazi na sehemu isiyo ya ukaazi. Kwa mtu kama wewe, anayeacha kuwa na makazi Uingereza na kuhamia nchi nyingine, mojawapo ya masharti ni kwamba tangu siku ulipoacha kuwa na makazi huko hadi tarehe 5 Aprili usikae Uingereza siku 16 au zaidi. Wiki tatu za Krismasi ni siku 21. Kama huna pato la maana Tanzania katika miezi hiyo, hasara ni ndogo, nenda ukawaone watoto wako. Lakini kama unauza kiwanja au kuanza biashara kabla ya Aprili, ifupishe ziara hiyo. HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, iarifiwe kuondoka kwako kwa fomu P85, au kupitia ritani yako ya kodi kama umekuwa ukijaza ritani.

Sasa pango. Mwenye nyumba akiwa nje ya Uingereza kwa miezi 6 au zaidi, wakala wake analazimika kuzuia asilimia 20 ya pango baada ya kuondoa baadhi ya gharama, na kuipeleka HMRC. Pasipokuwa na wakala, wajibu huo humwangukia mpangaji mwenyewe ikiwa pango linazidi pauni 100 kwa wiki, na wapangaji wengi hawalijui hilo mpaka wanapoandikiwa barua. Jaza fomu NRL1 mapema kabla hujaondoka, uombe kulipwa pango lote bila zuio. Kupewa ruhusa hiyo hakukufutii kodi. Kunakuachia tu fedha mkononi hadi utakapojaza ritani. Kwa kuwa wewe ni raia wa Uingereza, unaendelea kustahili kiwango kisichotozwa kodi cha pauni 12,570 kwa mwaka, ambacho pensheni yako ya kazi na pango vitakigawana. Baada ya hapo kiwango cha kwanza ni asilimia 20. Katika bajeti ya Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2027 mapato ya pango yatakuwa na viwango vyake, vikianzia asilimia 22. Jambo dogo linalowaponza wengi ni hili: huduma ya bure ya HMRC ya kujaza ritani mtandaoni haina ukurasa wa watu wasio wakaazi, kwa hiyo utanunua programu ya kujazia, au utatuma karatasi, na ritani ya karatasi mwisho wake ni tarehe 31 Oktoba, si tarehe 31 Januari.

Ukiamua kuiuza nyumba, unatakiwa kutoa taarifa HMRC ndani ya siku 60 tangu mauzo yakamilike, hata kama huna senti ya kulipa. Wasio wakaazi wanatozwa kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi ya faida ya mauzo, kwa nyumba za kuishi tangu tarehe 6 Aprili 2015, na kwa sababu uliinunua 2009, hesabu ya kawaida huanzia kwenye thamani ya nyumba mwezi huo wa Aprili 2015. Tafuta mthamini akuandikie thamani ya wakati ule, uiweke pamoja na hati zako.

Upande wa Tanzania ndio ambao barua yako haikuugusa kabisa, na mimi ndio unaonipa wasiwasi. Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, mwenye makazi ya kudumu Tanzania akiwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka ni mkaazi, na mkaazi hutozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Upo msamaha kwa mtu ambaye jumla ya ukaazi wake Tanzania katika maisha yake yote haizidi miaka miwili: huyo hutozwa kwa mapato ya ndani tu. Mwingereza anayefika Tanga kwa mara ya kwanza ataufaidi. Wewe uliyezaliwa, ukasoma na ukaanza kazi hapo, miaka hiyo miwili uliimaliza zamani, pasi uliyonayo iwe ya rangi gani.

Kwa hiyo pango la Reading litatajwa mara mbili, HMRC na TRA. Uingereza ina mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili na Kenya, uliotiwa saini 1973, na mwingine na Uganda wa 1992. Lakini na Tanzania, Uingereza haina mkataba wa kina wa aina hiyo. Hata hivyo sheria ya Tanzania yenyewe inamruhusu mkaazi kupunguziwa kodi kwa kiasi alicholipa nje kwa pato lilelile, kwa hiyo tunza uthibitisho wa malipo ya HMRC. Lakini usidhani nafuu hiyo itaifuta kodi ya TRA. Tanzania huanza kutoza baada ya shilingi 270,000 kwa mwezi na kufikia asilimia 30 baada ya shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ilhali Uingereza inakuachia pauni 12,570 za mwanzo bila kuzigusa. Pango linaloonekana dogo Reading huwa kubwa likigeuzwa shilingi, na tofauti hulipwa TRA. Isitoshe, mwaka wa Tanzania ni Januari hadi Desemba na ritani yake hupelekwa kabla ya Juni kwisha. Mwagize wakala wako akuandikie hesabu mwezi kwa mwezi. Hesabu ya mwaka mzima kutoka Aprili hadi Aprili haitakusaidia mbele ya ofisa wa TRA. Na pensheni ya kazi, kwa kuwa hakuna mkataba, ipeleke kwa mshauri wa kodi aliyesajiliwa Tanzania kabla ya ritani yako ya kwanza.

"Niliendesha basi Leicester kwa miaka 18 na nimelipa Bima ya Taifa miaka yote hiyo. Sasa nina miaka 58 na ninaishi Mombasa. Rafiki zangu wanasema pensheni ya taifa ya Uingereza haipandi ukiwa Kenya. Mbona Mwingereza aliye Mauritius inapanda? Na je, inafaa niendelee kulipa ili nifikishe miaka 35?"
*Dereva mstaafu, Mombasa*

Rafiki zako wamesema kweli, mzee wangu. Pensheni hii hupandishwa kila mwaka kwa wanaoishi Uingereza, katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, Uswisi, na katika nchi zenye makubaliano ya hifadhi ya jamii yanayotaja upandishaji huo. Mauritius wanayo makubaliano hayo. Kenya, Tanzania, Uganda na Omani hawanayo, wala hata Kanada, ambayo ina makubaliano ya aina nyingine, hainufaiki. Katika nchi hizo pensheni hubaki pale ilipokuwa siku ulipoanza kuipokea. Aliyeanza kupokea pensheni kamili mwaka 2016 akiwa Mombasa alipewa pauni 155.65 kwa wiki, na bado anapokea hizohizo; mwenzake aliyeanza siku hiyohiyo na kubaki Leicester alifikishiwa pauni 230.25 katika mwaka wa 2025/26. Annette Carson, aliyehamia Afrika Kusini, aliipeleka kesi hiyo hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2010 majaji wa Baraza Kuu wakaamua kwamba serikali haikuvunja haki zake. Naiona hali hii kuwa ni dhuluma kwa watu waliochangia sawasawa na wenzao, lakini mpango wa fedha haupangwi kwa matumaini ya sheria kubadilika. Ukienda kuwatembelea jamaa Leicester unaweza kudai kiwango cha juu kwa siku za ziara, kisha kinarudi chini ukiondoka.

Kwa michango ya miaka 18 tu, na kama rekodi yako haina utata wa kabla ya 2016, mwaka ulioanza mfumo wa sasa, utapata sehemu 18 kati ya 35 zinazotakiwa kwa pensheni kamili, yaani takriban pauni 118 kwa wiki kwa kiwango cha 2025/26. Unaweza kununua miaka zaidi kwa hiari. Daraja la tatu la michango liligharimu pauni 17.75 kwa wiki mwaka 2025/26, karibu pauni 923 kwa mwaka mzima, na mwaka mmoja unaoununua unakuongezea kama pauni 6.58 kwa wiki, sawa na pauni 342 kwa mwaka. Ndani ya miaka mitatu ya kustaafu fedha yako imerudi, hata pensheni ikiwa imegandishwa. Sioni uwekezaji wa Mombasa usio na hatari unaorudisha mtaji kwa kasi hiyo, na kama afya yako ni njema ningekushauri ununue kwa kadiri ya uwezo wako.

Lipo daraja la pili, lililokuwa la bei ndogo mno, pauni 3.50 kwa wiki, kwa waliokuwa wakifanya kazi nje ya nchi. Bajeti ya Novemba 2025 iliamua kuwafungia walio nje mlango huo kwa vipindi vinavyoanzia tarehe 6 Aprili 2026, na ikaongeza sharti kwamba mwenye kuomba kuchangia akiwa nje awe ameishi au kuchangia Uingereza miaka 10. Wewe una 18, kwa hiyo sharti hilo halikuzuii. Maombi hufanywa kwa fomu CF83, na kwa kawaida unaruhusiwa kuziba mapengo ya miaka 6 iliyopita tu, kwa hiyo kila Aprili inayopita inakupokonya mwaka mmoja.

Neno moja la mwisho, kwa ajili ya siku utakapoanza kupokea. Idara ya pensheni hutuma kwa posta hati ya uhai, fomu ya kuthibitisha kwamba bado u hai, ambayo lazima isainiwe na shahidi anayekubalika na irudishwe ndani ya wiki 16, la sivyo malipo husimamishwa. Kama sanduku la posta unalotumia ni la jirani au la duka la shemeji, fungua la kwako.

"Nilisoma chuo kikuu Manchester kwa mkopo wa serikali, na sasa nimeajiriwa Nairobi. Mshahara wangu hukatwa kodi na mwajiri. Mkopo wa Uingereza nausahau au naulipaje?"
*Mhandisi kijana, Nairobi*

Usiusahau. Ukiwa nje ya Uingereza zaidi ya miezi 3 unatakiwa kuiarifu kampuni ya mikopo ya wanafunzi na kuiletea uthibitisho wa kipato. Hutozwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango kilichowekwa kwa nchi unayoishi, na kwa nchi zenye gharama ndogo za maisha kiwango hicho huwa chini ya kile cha Uingereza, kwa hiyo usitumie hesabu za wenzako walioko Manchester. Ukinyamaza, kampuni inaweza kukupangia malipo ya kiwango kimoja ya kila mwezi yasiyotokana na mshahara wako, na yasipolipwa yanakuwa deni lililochelewa. Huku Nairobi, kukatwa kodi na mwajiri hakukuondolei wajibu wa kupeleka ritani KRA ifikapo tarehe 30 Juni.

"Wazazi wangu ni Wazanzibari, mimi nimezaliwa Birmingham na sasa nafundisha shule ya kimataifa Maskati. Mke na watoto wamebaki Birmingham. Likizo zote narudi kwao. Natuma fedha za matumizi kila mwezi. Je, mshahara wangu wa Omani utatozwa Uingereza? Na akaunti yangu ya akiba ya ISA naweza kuendelea kuijaza? Nina hisa pia ningependa kuziuza nikiwa huku."
*Mwalimu, Maskati*

Mwalimu, kwako kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni ile ya kazi ya muda wote ng'ambo. Anayefanya kazi nje kwa wastani wa saa 35 au zaidi kwa wiki, bila mapengo makubwa yasiyo ya likizo au ugonjwa, akakaa Uingereza pungufu ya siku 91 katika mwaka wa kodi, na asifanye kazi huko zaidi ya siku 30, si mkaazi, hata kama mke, watoto na kitanda chake viko Birmingham. Ukivuka mpaka huo, mambo yanageuka mara moja, kwa sababu mafungamano yako ni mengi mno. Likizo ya kiangazi ya shule za kimataifa inaweza kumeza wiki 8, yaani siku 56. Ongeza wiki 3 za Desemba na wiki 2 za majira ya kuchipua, tayari ni 91. Kwa mwalimu, basi, hatari iko kwenye likizo. Wakutane nawe Maskati au Unguja mara moja kwa mwaka, na uziandike tarehe za safari zako ukiwa na tiketi na mihuri ya pasi, kwani anayetakiwa kuthibitisha ni wewe.

Fedha unazomtumia mkeo kwa matumizi ya nyumbani si pato lake, na hatozwi kwa kuzipokea. Akaunti ya ISA unaweza kubaki nayo na faida yake ikaendelea kutotozwa Uingereza, lakini huruhusiwi kuweka fedha mpya tangu mwaka wa kodi unaofuata ule uliokuwa mkaazi kwa mara ya mwisho. Hisa ziangalie kwa makini zaidi. Asiye mkaazi kwa kawaida hatozwi Uingereza kwa faida ya kuuza hisa. Lakini aliyekuwa mkaazi kwa angalau miaka 4 kati ya 7 kabla ya kuondoka, akauza mali aliyokuwa nayo kabla hajaondoka, kisha akarudi kabla ya kupita zaidi ya miaka 5, faida hiyo humsubiri na kutozwa mwaka anaorudi. Mkataba wako wa kazi ukiwa wa miaka miwili miwili, usiipange akiba yako kana kwamba kodi hiyo haipo.

Omani yenyewe haitozi mishahara kodi ya mapato hadi sasa. Amri ya Sultani namba 56 ya 2025 imeweka kodi ya asilimia 5 kwa kipato kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka, kuanzia Januari 2028. Walimu wengi hawafikii kiasi hicho, na kwa wanaofikia, upo mkataba wa kodi kati ya Omani na Uingereza tangu 1998.

"Mume wangu ni Mwingereza na mimi ni Mtanzania. Tunaishi Moshi tangu mwanzo wa 2014 na hajawahi kurudi kuishi kwao. Ana nyumba Bristol, akiba benki huko, na pensheni binafsi. Nyumba ya Moshi ni ya kwangu. Mungu apishe mbali, akitangulia, serikali yao itachukua asilimia 40 kama tunavyosikia?"
*Mke na mama, Moshi*

Mama, asilimia 40 ndicho kiwango cha kodi ya mirathi ya Uingereza, lakini huanzia juu ya pauni 325,000, na anachoachiwa mwenzi wa ndoa kina msamaha wake. Kwenu ninyi sheria mpya imekuja na nafuu. Hadi Aprili 2025 kipimo kilikuwa mahali mtu anapohesabiwa kisheria kuwa ndiko kwao, na Mwingereza wa kuzaliwa angeweza kuishi Moshi miaka 30 na bado mali zake za dunia nzima zikaguswa. Tangu tarehe 6 Aprili 2025 kinachotazamwa ni ukaazi wa muda mrefu, yaani kuwa mkaazi wa kodi Uingereza kwa miaka 10 kati ya 20 iliyopita. Kwa maelezo yako mumeo ameacha kuwa mkaazi tangu mwaka wa kodi wa 2014/15, kwa hiyo ameshatoka katika kundi hilo, na kodi ya Uingereza inabaki kwenye mali zake zilizo Uingereza tu. Kwa kuwa yeye si mkaazi wa muda mrefu, hata ule ukomo wa pauni 325,000 unaowabana wenye wenzi wa kigeni haukuhusu. Akikuachia wewe nyumba ya Bristol na akiba, msamaha ni wa zote. Akiwaachia watoto moja kwa moja, hapo hesabu ya asilimia 40 inafunguka kwa kiasi kinachozidi pauni 325,000. Pensheni binafsi ambayo haijatumika itaingizwa katika hesabu ya mirathi kuanzia tarehe 6 Aprili 2027, kwa hiyo mwombe aangalie jina la mnufaika alilojaza kwenye fomu; wengine bado wameandika mama zao waliokwisha kufariki.

Tanzania haina kodi ya mirathi, lakini utaratibu wa mahakama utaukuta pande zote mbili. Benki ya Bristol haitakupa fedha kwa hati ya usimamizi wa mirathi ya mahakama ya Moshi peke yake. Itadai hati iliyotolewa au kutambuliwa na mahakama ya huko. Mumeo aandike wasia kwa mali za Uingereza na wasia mwingine kwa mali za Tanzania, vyote viwili viandaliwe na mawakili wanaoonana, kwa sababu wasia wa pili huwa na sentensi inayofuta wasia zote zilizotangulia, na sentensi hiyo ikiachwa humo bila kuhaririwa inaufuta wa kwanza.

"Kuna mshauri ananipigia simu akitaka nihamishe pensheni yangu ya NHS (huduma ya afya ya taifa ya Uingereza) kwenda mfuko wa ng'ambo 'usio na kodi'. Ananihimiza nisaini wiki hii. Nifanye nini?"
*Mstaafu mtarajiwa, Malindi*

Usisaini. Tangu Aprili 2015 pensheni za utumishi wa umma zisizo na mfuko wa uwekezaji, ya NHS ikiwemo, haziruhusiwi kuhamishwa kwenda mifuko inayomwachia mtu kuchota apendavyo, kwa hiyo anachokuahidi ama hakiwezekani, ama kinapitia njia ambayo HMRC itaihesabu kuwa malipo yasiyoidhinishwa, na kodi yake inaweza kufika asilimia 55. Hata kwa pensheni nyingine zinazohamishika, kuhamishia katika mfuko ulio nchi tofauti na unayoishi hutozwa asilimia 25 papo hapo, na pensheni yenye malipo yaliyoahidiwa ikizidi thamani ya pauni 30,000 haihamishwi bila ushauri wa mtu aliyesajiliwa na FCA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia huduma za fedha. Mwombe namba yake ya usajili, kata simu, na uitafute mwenyewe katika daftari la FCA mtandaoni.